Lambo, bwawa la mchanga au kisima kirefu: chagueni maji kwa kuangalia nyasi

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika. Kenya peke yake ilipoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Mfugaji aliyeupitia ukame ule anajua kwamba wengi wa wanyama hao hawakufa kwa kiu. Walikufa kwa njaa, na wengine walianguka mwendo wa saa moja tu kutoka kwenye birika lenye maji, kwa kuwa nyasi za pande zote za birika hilo zilikuwa zimekwisha zamani.

Hilo ndilo ninalotaka kamati za malisho zilikumbuke fedha zinapopatikana, ziwe za kaunti, za halmashauri, za shirika au za michango ya wenyewe. Mkutano wa kwanza huuliza: "Tuchimbe wapi?" Swali linalopaswa kutangulia ni hili: nyasi zipi tunataka ziliwe, na mwezi gani? Mahali penye maji ndipo ng'ombe watakapokuwa, na watakaa hapo mpaka maji yaishe au mpaka watu wakubaliane kuwaondoa. Kwa hiyo navilinganisha hapa vyanzo vitatu vinavyojengwa sana katika nyanda kame za Kenya na Tanzania, yaani lambo (wengine huliita silanga), bwawa la mchanga na kisima kirefu. Kipimo changu kikuu si wingi wa maji bali hali ya malisho yanayokizunguka chanzo baada ya miaka kumi.

Hesabu ya kufanya kabla ya kumwita mhandisi

Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 hunywa kama lita 30 kwa siku ya joto, na hula nyasi kavu kilo 6 na robo hivi, ambayo ni asilimia 2.5 ya uzito wake. Katika kiangazi cha siku 120 atahitaji kilo 750. Chukueni uwanda ambao mwaka wa kawaida hutoa kilo 600 za nyasi kavu kwa hekta. Nusu yake ibaki shambani kufunika udongo na kulinda mashina, la sivyo mwaka ujao hakuna kitakachoota. Mnabakiwa na kilo 300, kwa hiyo ng'ombe mmoja anataka hekta mbili na nusu kwa kiangazi hicho kimoja tu.

Sasa tuchukue kisima kirefu kinachotoa lita 10,000 kwa saa na kupampu saa 12 kwa siku. Hizo ni lita 120,000, maji ya ng'ombe 4,000. Namba hiyo hupigiwa makofi kwenye mkutano wa hadhara. Igeuzeni upande wa nyasi: ng'ombe 4,000 kwa siku 120 watakula kilo milioni 3, nazo zinahitaji hekta 10,000. Ni duara lenye kisima katikati na zaidi kidogo ya kilomita 5.6 kwenda kila upande, lote likiwa nyasi, bila mwamba, bila shamba, bila kundi la jirani. Kama ardhi yenu ya malisho ni nusu ya hiyo, mnajengewa maji ya ng'ombe ambao ardhi haiwezi kuwalisha, na ukame ukija hao ndio watakaoanguka kandokando ya birika.

Namba zenu zitakuwa tofauti na hizi. Pimeni nyasi zenu wenyewe mwishoni mwa masika: kateni nyasi za mita moja ya mraba mahali pengi, zianikeni, zipimeni, tafuteni wastani. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka mjini, mizani ya dukani inatosha.

Lambo: wema wake ni kukauka

Lambo ni rahisi kulielewa na ni rahisi kulijenga vibaya. Chukueni lambo la mita za ujazo 10,000 lenye kina cha wastani cha mita 2. Uso wake ni mita za mraba 5,000. Katika nyanda kame za kaskazini mwa Kenya jua na upepo vinaweza kunyonya zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka, karibu milimita 6 kwa siku. Juu ya uso huo ni lita 30,000 kila siku, sawa na ng'ombe 1,000. Mkiongeza ng'ombe 1,000 wa kwenu, maji hayafiki miezi sita, na udongo ukivujisha hata miezi mitatu ni ya kushukuru.

Watu wengi huona huo ni udhaifu na kutaka lambo kubwa zaidi. Mimi naona kinyume chake, mradi lambo liwe mahali sahihi. Likiwa kwenye malisho ya masika, linajaa mvua zikinyesha, mifugo inakula huko wakati nyasi ni changa na nyingi, kisha maji yanaisha na mifugo inalazimika kuondoka. Hakuna askari wala faini inayofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Nyasi zinapata muda wa kupumzika bila ugomvi wowote kijijini. Lambo lilelile likiwekwa kwenye akiba ya kiangazi, yaani malisho yanayotunzwa kwa miezi mikavu, ni hasara, kwani mifugo itamaliza akiba hiyo mwezi wa pili wa masika.

Mambo matatu yanaua malambo. La kwanza ni tope. Bonde linalolimwagia lambo maji likiwa halina nyasi, kila mvua kubwa inaleta udongo, na baada ya misimu michache mnabaki na kiwanja cha matope. Dawa yake ni kupumzisha nyasi za bonde hilo mwaka mmoja au miwili kabla ya kuchimba, na kuweka mtego wa tope kwenye mlango wa maji utakaosafishwa kila kiangazi. La pili ni utoro, ile njia ya kupitishia maji ya ziada. Ukiwa mwembamba, mafuriko yanapita juu ya tuta na kulikata usiku mmoja. La tatu ni mifugo kuingia majini. Wanakanyaga kingo, wanakojoa, wananya, na watu wa boma wanachota hapohapo. Wekeni uzio wa miiba au seng'enge kuzunguka lambo lote, na mbauti ya kunyweshea nje, chini ya tuta. Uzio huo pia ni kwa ajili ya watoto, maana lambo lenye kina na kingo telezi limeshaua watoto wengi katika nchi zetu.

Lambo la kina kirefu na uso mdogo hupoteza kwa jua maji machache kuliko lambo pana la kina kifupi. Mkipewa saa zilezile za mtambo wa kuchimbia, chimbeni chini badala ya kutanua.

Bwawa la mchanga: maji ambayo jua halifikii

Mkamba wa Kitui au Makueni hahitaji kuelezwa chanzo hiki. Unajengwa ukuta wa zege au wa mawe kukatisha mto wa msimu, ukikaa juu ya mwamba na kuingia ndani ya kingo zote mbili. Mafuriko yanaleta mchanga na tope. Mchanga mzito unatuama nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Msimu mmoja au kadhaa baadaye nyuma ya ukuta kumejaa mchanga, na ndani ya mchanga mna maji. Katika Kitui pekee, shirika la SASOL limejenga na wanavijiji mamia ya mabwawa haya tangu miaka ya 1990.

Mchanga wa chembe kubwa hutoa maji karibu robo ya ujazo wake. Mita za ujazo 6,000 za mchanga ni kama lita milioni 1.5, za kutosha ng'ombe 400 kwa siku 125. Ukilinganisha na kisima kirefu ni kidogo. Lakini maji yaliyo zaidi ya nusu mita chini ya mchanga hayaguswi sana na jua, mbu hawazaliani humo, mchanga wenyewe unayachuja, na kingo za mto hunyonya maji na kuyarudisha taratibu kiangazi kikiendelea. Palipojengwa vizuri, miti ya kandokando huota yenyewe.

Kwa malisho kuna faida nyingine ambayo huwa haitajwi vya kutosha. Mto mmoja unaweza kubeba mabwawa matano au kumi madogo yakifuatana. Badala ya makundi yote kuminyana kwenye sehemu moja, kila kundi lina mahali pake, na nyasi zinaliwa kwa usawa zaidi katika bonde zima. Maji madogo mahali pengi yanailinda ardhi kuliko maji makubwa mahali pamoja. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nilipendekeze bwawa la mchanga kwanza popote linapowezekana.

Haliwezekani kila mahali. Linahitaji mto wa msimu wenye mchanga mkubwa na mwamba usio mbali chini yake. Mto unaobeba udongo wa mfinyanzi utawajazia tope lisilotoa maji. Ndiyo maana wajenzi wengine hupandisha ukuta kwa hatua, msimu kwa msimu, ili tope lisipate nafasi ya kutuama. Nendeni mtoni katikati ya kiangazi mkaangalie wachungaji wanachimba wapi kwa mikono kutafuta maji. Hapo mwamba umeyazuia tayari, na pengine hapo ndipo pa kujenga. Mkichagua sehemu yenye kingo laini bila kuingiza ukuta ndani vya kutosha, mto utauzunguka na kuuacha ukuta umesimama peke yake.

Adui mkubwa wa bwawa hili ni lori la mchanga. Miji inajengwa na mchanga unauzwa. Kijana asiye na kazi akiambiwa apakie lori atapakia. Kaunti ya Makueni ilifikia kutunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 kwa sababu mito yake ilikuwa inahamishwa kwa malori. Kabla ya kumwaga zege, kijiji kikubaliane kwa maandishi kwamba mchanga wa sehemu ile hauuzwi, na kiseme nani atalisimamisha lori.

Kisima kirefu: dawa kali

Kuna mahali ambapo hakuna mto na mvua haitoshi kujaza lambo. Huko kisima kirefu ni uhai, na sitamwambia mama anayetembea siku nzima na punda wake kwamba asubiri. Maji ya watu yatangulie. Hofu yangu ni kisima cha mifugo kinachochimbwa mahali palipokuwa na nyasi kwa sababu tu hapakuwa na maji. Katika kaskazini mashariki mwa Kenya hili limetokea kwa miongo mingi: kisima kinachimbwa kwenye malisho ya masika, familia zinahamia, duka linafunguliwa, shule inafuata, na malisho yaliyokuwa yakipumzika miezi sita kila mwaka yanaliwa miezi kumi na miwili. Duara tupu linaanza birikani na kupanuka kila mwaka. Nyasi za kudumu zinakwisha, zinabaki za msimu mmoja, kisha vichaka visivyoliwa, na pengine mathenge, ule mti vamizi wa miiba (Prosopis).

Pampu za sola zimeongeza hatari hii bila mtu kukusudia. Injini ya dizeli ilikuwa na breki yake: mvua zikinyesha, hakuna aliyetaka kuchangia mafuta, kisima kikazimwa, nyasi zikapona. Sola haidai mafuta. Jua likichomoza maji yanatoka, ng'ombe wanakuja. Naipenda sola, ni nafuu kuiendesha na haina moshi, ila inataka kufuli na makubaliano ambayo zamani bei ya dizeli iliyafanya badala yetu.

Makubaliano hayo si jambo geni kwetu. Waborana wana visima virefu vya kuchimbwa kwa mikono kusini mwa Ethiopia, na msimamizi wake, abba herega, ndiye anayepanga zamu: nani anyweshe leo, nani kesho, nani arudi siku ya tatu. Katika Isiolo, baraza la dedha linagawa ardhi kuwa malisho ya masika, ya kiangazi na ya ukame mkali, na vyanzo vya maji vinafungwa au kufunguliwa kufuata mgawanyo huo. Kisima kirefu kilichokabidhiwa kwa baraza la namna hiyo kinaweza kuwa akiba ya kweli. Kikikabidhiwa kwa kamati ya kukusanya ada peke yake, kitafunguliwa kila siku, kwa sababu kila ng'ombe anayekunywa ni pesa.

Pimeni pia ubora wa maji kabla ya kununua mabomba. Ukanda wa Bonde la Ufa, pamoja na sehemu za Arusha, una maji yenye floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watu na mifugo, na kaskazini mwa Kenya visima vingi ni vya chumvi. Kampuni ya kuchimba italipwa hata ikikosa maji au ikipata maji yasiyonyweka, hivyo upimaji wa maji ardhini ufanywe na mtu asiyenufaika na uchimbaji.

Kwa pamoja

| | Lambo | Bwawa la mchanga | Kisima kirefu |
|---|---|---|---|
| Mahali pake | Malisho ya masika | Mto wa msimu wenye mwamba | Akiba ya ukame |
| Maji yanadumu | Miezi michache baada ya mvua | Sehemu kubwa ya kiangazi | Mwaka mzima |
| Matengenezo | Kuzoa tope kila kiangazi | Madogo, kulinda mchanga na kingo | Pampu, mabomba, fundi wa kulipwa |
| Kinachokiua | Tope, utoro mwembamba | Malori, tope la mfinyanzi | Pampu kufa, chumvi |
| Hatari kwa nyasi | Ndogo likikauka | Ndogo yakiwa mengi | Kubwa bila kufuli |

Nyasi nazo: kufunga, kuzungusha au kupanda

Maji yakishawekwa mahali pake, malisho bado yanahitaji mpango. Njia ninayoiamini zaidi ni ya kufunga sehemu ya ardhi wakati wa mvua na kuifungua kiangazi. Wasukuma huiita ngitili, Wamaasai wana alalili. Shinyanga ndiyo shule yetu. Misitu ilifyekwa kumaliza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, mpaka mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta mia sita tu na kidogo. Mapema miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wanavijiji hawakutegemea mbegu za nje wala seng'enge nyingi. Waliifufua desturi ambayo watu tayari waliijua, na dagashida (baraza la jadi la Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi) wakasimamia adhabu kwa anayeingiza ng'ombe kabla ya siku. Ni njia ya gharama ndogo kuliko zote, na inaweza kufanywa na kaya moja au kijiji kizima. Udhaifu wake ni kwamba ngitili za kaya zikizidi, wasio na ardhi wanabanwa kwenye eneo la wote linalozidi kupungua.

Mzunguko wa malisho, yaani kugawa ardhi vipande na kuhamisha makundi kwa ratiba, unafanya kazi vizuri kwenye ranchi yenye mmiliki mmoja na vibirika vingi. Kwenye ardhi ya jamii unahitaji wachungaji wote wakubali kwenda pamoja, na hilo huvunjika mwaka wa mvua mbaya. Mzunguko hauongezi nyasi kama idadi ya mifugo imeshazidi uwezo wa ardhi. Unagawa upungufu tu.

Palipokwisha kuwa tupu, penye udongo mgumu kama sakafu, kufunga peke yake hakutoshi, maana mbegu hazina pa kushika na maji yanatiririka juu. Hapo chimbeni makinga maji ya nusu mwezi, upande wa wazi ukitazama mlimani, kama yaliyochimbwa kwa maelfu katika ardhi ya Kuku, Kajiado. Ndani yake pandeni nyasi za kwetu zinazostahimili ukame, kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba. Baringo kumekuwa na kazi ya kurudisha nyasi kwa uzio na mbegu tangu 1982, na wenye viwanja huko huuza majani na mbegu pamoja na kunenepesha mifugo. Ni kazi ya mikono mingi, kwa hiyo ianzie karibu na maboma, kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa.

Karatasi

Mpango usioandikwa utavunjwa na mwenyekiti ajaye. Tanzania mnayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 na Sheria ya Nyanda za Malisho ya 2010. Vijiji vya Kiteto vilivyoungana kwa jina la OLENGAPA vilipanga malisho ya pamoja yanayovuka mipaka ya kijiji kimoja na kupata hati za kimila kwa ajili ya wafugaji, jambo la maana sana kwa sababu mvua haifuati mpaka wa kijiji. Kenya mnayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na jamii isiyojisajili chini yake inajengea maji ardhi ambayo haijaishika. Kibali cha maji nacho kinahitajika: Kenya kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Tanzania kwa bodi ya maji ya bonde lenu.

Ningechagua hivi

Mkiwa na mto wa mchanga wenye mwamba, wekeni fedha zote kwenye mabwawa madogo kadhaa ya mchanga, na mfunge alalili mbali na mto. Msipokuwa na mto lakini mkawa na udongo wa mfinyanzi na mteremko wa taratibu, chimbeni malambo mawili ya wastani kwenye malisho ya masika, yaliyo mbalimbali, badala ya moja kubwa. Kisima kirefu kiwe cha mwisho kwa mifugo, kwenye akiba ya ukame pekee, na ufunguo ukae kwa wazee wanaosimamia nyasi.

Na kama mto hauna mwamba, udongo ni wa kichanga usioshika maji, na maji ya chini ni ya chumvi, basi ardhi yenu ni ya masika na haina budi kubaki hivyo. Fedha hizo ziende kwenye mazungumzo na majirani wenye maji ya kiangazi, kwenye kufungua na kuweka alama njia za mifugo zinazowafikisha huko, na kwenye kupunguza kundi mapema, nyasi zikingali zipo na ng'ombe wakiwa bado na bei.